Tuwe na Tovuti Zetu, Tusibaki Wapangaji Mtandaoni

Mtegemea cha nduguye, walinena wahenga, hufa maskini. Methali hii hutajwa aghalabu katika mazungumzo ya mali, mashamba na mifugo, lakini katika makala haya ninanuia kuielekeza kwenye jambo ambalo walioitunga hawakulidhania: mahali tunapoyaweka maandishi yetu katika mtandao wa intaneti.

Walimu wetu wa Kiswahili huandika mno. Huandika maelezo ya ngeli na sarufi, mazoezi ya ufahamu, miongozo ya fasihi, mashairi na hata michezo mifupi ya mashindano ya drama. Wanafunzi nao huandika insha na tungo zao, nyingine zikiwa za kupendeza ajabu. Lakini ukiuliza kazi hizo ziko wapi, utaambiwa kwamba zimo katika kundi fulani la WhatsApp, au katika ukurasa wa Facebook, au zilikuwa katika simu iliyopotea mwaka juzi. Tumekuwa wapangaji katika nyumba za watu wengine, na mpangaji hana kauli siku mwenye nyumba anapoamua kuibomoa.

Hoja yangu ni hii. Kila mwalimu anayeandika kwa Kiswahili, na kila chama cha Kiswahili shuleni, kinafaa kifikirie kuwa na tovuti yake chenyewe, hata iwe ndogo kiasi gani. Aidha, faida kubwa ya kufanya hivyo si tovuti peke yake, bali ni wenzake ambao mwenye tovuti atakutana nao njiani.

Yafaa kwanza tukumbuke wavuti ulianzaje. Ulibuniwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na mji wa Geneva nchini Uswisi. Aliwasilisha pendekezo lake mwaka 1989, na tovuti ya kwanza ikatangazwa hadharani mwaka 1991. Mnamo tarehe 30 Aprili 1993, CERN iliweka programu za wavuti mikononi mwa umma, zitumiwe na yeyote bila malipo. Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba kivinjari cha kwanza alichokiunda Berners-Lee mwaka 1990, yaani programu ya kufungulia kurasa, kilikuwa pia chombo cha kuandikia kurasa hizo. Kwa maneno mengine, katika fikra za mwasisi wake, msomaji na mwandishi wa wavuti walikuwa mtu mmoja. Kugawanyika kwa binadamu katika makundi mawili, wachache wanaojenga na wengi wanaotazama tu, kulikuja baadaye.

Katika miaka ya 1990 watu wa kawaida waliipokea nafasi hiyo kwa shangwe. Mwaka 1994 huko Marekani ilianzishwa huduma iliyokuja kujulikana kama GeoCities. Huduma hiyo ilimpa kila aliyetaka kiwanja cha bure cha kujengea kurasa zake. Viwanja hivyo viligawanywa kwa mitaa yenye majina. Wapenzi wa filamu walikaa mtaa wa Hollywood, wapenzi wa tarakilishi walikaa SiliconValley, na wapenzi wa elimu, fasihi na falsafa walikaa Athens. Kila ukurasa ulikuwa na namba yake kama nyumba mtaani. Walimu waliweka humo masomo yao, vijana waliweka mashairi yao, na wazee waliweka kumbukumbu za koo zao. Wengi wao hawakuwa wataalamu hata kidogo. Walijenga kwa uraibu tu, jioni baada ya kazi.

Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua GeoCities kwa hisa zilizothaminiwa kwa zaidi ya dola bilioni 3. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Aprili 2009, Yahoo ilitangaza kwamba huduma hiyo ingefungwa, na tarehe 26 Oktoba 2009 milango ikafungwa kweli. Mamilioni ya kurasa yalitoweka. Ziliokolewa nyingi kutokana na juhudi za watu waliojitolea, hususan kundi la Archive Team, ambao walinakili mchana na usiku kabla ya siku hiyo kuwadia. Lakini mwenye kiwanja hakuwa na deni kwa mtu. Wakazi walikuwa wamejenga katika ardhi isiyo yao, na hati ya kumiliki ilikuwa mkononi mwa mwingine.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wamarekani na ni ya zamani. La hasha! Taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilichapisha mwaka 2024 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu kurasa za wavuti. Ilibainika kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 zilikuwa hazipatikani tena miaka 10 baadaye. Lugha kubwa kama Kiingereza inaweza kulistahimili pengo hilo, kwa kuwa kurasa zake hazihesabiki. Lugha ambayo maandishi yake mtandaoni ni machache, kama Kiswahili, hupata hasara kubwa zaidi kwa kila ukurasa unaozimika, mithili ya maskini aliyeangusha shilingi yake ya mwisho kisimani.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba sababu ya kujenga tovuti ni hofu peke yake. Sababu ya pili, na ambayo kwa maoni yangu ni tamu zaidi, ni ujirani. Watu waliojenga tovuti kwa uraibu walikuwa na namna tatu za kujuana. Kwanza, kulikuwa na kitabu cha wageni, ukurasa ambao mpita njia aliacha jina lake na neno la salamu. Pili, kulikuwa na pete za tovuti zilizoenea katikati ya miaka ya 1990. Katika pete hizo wenye tovuti za mada moja waliunganisha kurasa zao kwa viungo, hii ikielekeza kwa ile, hadi mzunguko ukarudi ulipoanzia. Tatu, na muhimu kuliko zote, ni kwamba vivinjari vya tarakilishi humruhusu msomaji kuitazama lugha ya alama, HTML, iliyotumika kuuandika ukurasa anaousoma. Ukipendezwa na jinsi jirani alivyopanga jedwali lake, waweza kufunua na kuona alivyolisuka, ukajifunza.

Huo ndio uanagenzi tuujuao tangu jadi. Mwanagenzi wa useremala pale Lamu hakupewa kitabu. Aliketi karibu na fundi, akatazama mkono wake, akajaribu, akarekebishwa. Wavuti ulimpa kila mtu nafasi ya kuketi karibu na fundi ambaye hajapata kumwona kwa macho.

Wala sisi Wakenya si wageni wa mambo haya. Wanaokumbuka vipindi vya salamu katika redio ya taifa watanielewa. Wasikilizaji walinunua kadi, wakazijaza majina ya jamaa na marafiki, wakazituma zisomwe. Wengine walijulikana karibu kila pembe ya nchi kwa lakabu zao pasipo mtu kuwajua kwa sura, na baadaye wakaunda vyama, wakatembeleana katika harusi na matanga. Malenga nao, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza kuchapishwa Tanganyika mwaka 1923, wamekuwa wakijuana kwa beti kabla ya kujuana kwa nyuso. Huyu huuliza fumbo katika gazeti, na yule humjibu kutoka mji wa mbali. Mwenye tovuti na wenzake wanaendeleza desturi hiyohiyo kwa chombo kipya.

Hapa nchini desturi hiyo iliwahi kuzaa tunda ambalo ulimwengu uliliona. Katika miaka ya 2000, Wakenya kadhaa walikuwa na tovuti zao binafsi za maoni, nao waliunganishwa na pete ya tovuti za Kenya iliyoanzishwa na Daudi Were. Walisomana, wakabishana, wakatembeleana. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipofuatwa na ghasia, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba, Ory Okolloh alitumia tovuti yake kukusanya habari za yaliyokuwa yakitendeka. Mapema Januari 2008 aliomba humo wenye ujuzi wa tarakilishi watengeneze ramani ya kuonyesha matukio hayo. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambao nao walikuwa na tovuti zao, waliitikia. Katika muda wa siku chache tu ikazaliwa Ushahidi, mfumo ambao mwananchi aliweza kuutumia kuripoti alichokiona kwa ujumbe wa simu au kwa wavuti. Miaka 2 baadaye, Haiti ilipokumbwa na tetemeko la ardhi mwezi wa Januari 2010, mfumo huo ulitumika kuonyesha waliohitaji msaada. Yafaa kuzingatia kwamba watu hao hawakukusanywa na wizara wala na kampuni. Ujirani wa tovuti ndogo ulikuwapo tayari, na siku ya dhiki ilipofika, haikuwa lazima kuanza kutafutana.

Kwingineko ulimwenguni ujirani huo umefufuliwa kwa makusudi. Mwaka 2013 Kyle Drake alianzisha Neocities, huduma ya viwanja vya bure iliyojaribu kuirejesha roho ya GeoCities. Mwaka huohuo, mjini San Francisco, kulianza mikutano iliyoitwa Homebrew Website Club. Jina hilo lilifuata lile la chama cha wapenzi wa tarakilishi kilichokutana kwa mara ya kwanza California mwaka 1975, katika gereji ya nyumba ya mmoja wao. Steve Wozniak, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Apple, alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. Utaratibu wa mikutano hiyo ya tovuti ni mwepesi, na ndiyo maana ninautaja kwa walimu. Kila aliyekuja hueleza alichokifanya katika tovuti yake tangu mkutano uliopita na kuwaonyesha wenzake. Aliyekwama husema alipokwama, kisha watu husaidiana kazi ikiendelea palepale mezani. Hakuna mhadhara wala cheti. Hakuna pia anayeulizwa alisomea wapi.

Je, kujenga tovuti kunahitaji nini hasa? Kunahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni jina, yaani kikoa, ambacho hukodiwa kwa ada ya kila mwaka. Nchini Kenya vikoa vinavyoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC. Cha pili ni kiwanja, yaani seva ya kuhifadhi kurasa, na hicho hupatikana kwa ada ndogo au hata bure. Cha tatu ni kurasa zenyewe, zinazoandikwa kwa HTML. Alama za msingi za lugha hiyo, za kutambulisha kichwa, aya, orodha na kiungo, hazizidi idadi ya ngeli tunazowafundisha watoto wa shule ya msingi. Mtu aweza kuzifahamu kwa siku mbili tatu.

Tena maandishi matupu ni mepesi mno. Makala kama haya, yenye maneno yapatayo elfu mbili, huchukua takriban kilobaiti 14. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kufika megabaiti 3, ambayo ni nafasi ya makala mia mbili kama haya. Kwa hiyo, mwanafunzi wa kijijini mwenye simu duni na salio dogo huweza kuusoma ukurasa wa maandishi pasipo taabu, ilhali video ya somo lilelile ingemmalizia fedha zake zote.

Kwa kuwa ninafundisha isimu, naomba radhi niongeze mambo mawili yanayoihusu lugha yetu. La kwanza ni herufi mbili tu: sw. Hizo ndizo alama za kimataifa za kukitambulisha Kiswahili, nazo huandikwa mwanzoni mwa ukurasa ili tarakilishi ijue inachokisoma ni lugha gani. Programu zinazowasomea wanafunzi wasioona kwa sauti huzitegemea alama hizo. Zisipokuwapo, programu huweza kuyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na mwanafunzi akaambulia kelele. La pili ni ritifaa, ile alama iliyomo katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Majina ya vikoa kwa kawaida hukubali herufi, tarakimu na kistari tu, kwa hivyo ng'ombe akiingia katika jina la tovuti hana budi kuiacha ritifaa yake mlangoni. Isitoshe, tarakilishi huwa na ritifaa iliyonyooka na nyingine iliyopinda. Ukiandika kwa hii na msomaji akatafuta kwa ile, huenda asikupate kabisa.

Nani atayashughulikia mambo kama hayo? Fundi wa ng'ambo asiyejua ng'ombe ni nini hatayaona. Yataonwa na Mswahili anayejenga mwenyewe na kuzungumza na wajenzi wenzake. Tunayo mifano ya kazi njema iliyofanywa na watu wachache wenye ari. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mradi wa Kamusi, uliokusanya msamiati wa Kiswahili katika intaneti kwa michango ya watu wa kujitolea. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, nayo imejengwa na watu wasiolipwa. Lakini tusiridhike na kamusi na ensaiklopedia peke yake. Lugha huishi pia katika barua, hadithi, maelezo ya mapishi, kumbukumbu za kijiji na ubishi wa walimu juu ya upatanisho wa kisarufi. Hayo ndiyo mambo yafaayo tovuti ya mtu binafsi.

Kuna watakaopinga. Watauliza, tovuti ndogo itasomwa na nani, ilhali Facebook ina watu tele? Ni kweli kwamba wasomaji watakuwa wachache. Lakini mwalimu mmoja wa Busia anayetafuta maelezo ya viambishi usiku wa kuamkia kipindi chake, akayapata na kuyatumia, ana thamani kuliko watu elfu waliopita wakabonyeza alama ya kupenda bila kusoma. Tena sisemi watu wayahame makundi yao. Waandike nyumbani kwao kwanza, kisha wawaalike watu kutoka sokoni waje kusoma.

Wengine watasema kwamba tovuti ya binafsi nayo hufa, hasa mwenyewe asipolipa ada ya kikoa au akifariki. Sipingi. Tofauti ni kwamba mwenye tovuti ana faili zake mkononi. Anaweza kuzinakili katika kijisanduku cha kumbukumbu, kumkabidhi mwenzake, au kuzihamishia kwenye seva nyingine kwa muda wa saa moja. Vilevile, Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa Marekani na Brewster Kahle mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa za wavuti, na mtu yeyote anaweza kuiomba ihifadhi ukurasa wake. Mpangaji aliyefungiwa nyumba usiku hana nafasi kama hizo.

Sharti pia tuwe waangalifu. Kuwa na tovuti si ruhusa ya kuchapisha kurasa za vitabu vya watu, kwani sheria ya hakimiliki inawalinda waandishi wetu, ambao mapato yao ni haba tayari. Wala si ruhusa ya kuanika majina, picha na alama za wanafunzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi inapohusu watoto. Mwalimu aonyeshe kazi ya mwanafunzi kwa idhini, na kwa lakabu inapofaa.

Sasa tufanye nini? Mtaala wa Umilisi uliotaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi saba umetupa kisingizio kizuri. Chama cha Kiswahili cha shule moja kianze na ukurasa mmoja: methali za eneo lao pamoja na maana zake, au majina ya samaki, miti au vyombo vya nyumbani kama wazee wanavyoyatamka. Watano sita wakutane kila baada ya wiki mbili, hata kwa tarakilishi moja, kila mmoja aonyeshe alichoongeza na aseme alipokwama. Wakipata shule jirani yenye nia hiyohiyo, waunganishe kurasa zao kwa viungo. Shule tatu zikifanya hivyo, pete imepatikana. Na mwalimu asione haya kufundishwa na mwanafunzi wake namna ya kupanga jedwali, naye amfundishe mwanafunzi namna ya kuipanga sentensi iliyomo ndani ya jedwali hilo.

Tumelalamika kwa miaka mingi kwamba Kiswahili hakionekani vya kutosha mtandaoni, na tumeyaelekeza malalamiko hayo kwa makampuni makubwa kana kwamba yalitia saini mkataba wa kuitunza lugha yetu. Hayakutia. Wenye lugha ni sisi, na vifaa vya ujenzi vimekuwa mali ya umma tangu mwaka 1993. Shime, walimu na wanafunzi! Mwenye kuanza na aanze kwa ukurasa mmoja muhula huu, kisha amtafute jirani yake.